Meno Laini ya Winchi

Pikapu nyeupe ilikata kona kwa magurudumu mawili.

Kozi hakupunguza mwendo. Aliilaza Yamaha mpaka goti lake likakaribia lami, akaiinua, akavuta mafuta.

"Kozi, uko wapi?" Redio ya Motorola ilikoroma kifuani pake.

"Mkiani mwake, Mkuu."

"Namtaka hai."

"Hilo mwambie yeye."

Risasi kutoka kwenye pikapu ilivunja kioo cha pembeni. Kozi alichomoa bastola yake ya Glock, akapiga moja tu. Tairi la nyuma likapasuka. Pikapu ikayumba, ikajibamiza kwenye ukuta wa ghala.

Dalali, aliyekuwa akiiendesha, alishuka mikono juu, damu puani, anacheka. Kampuni ya ng'ambo ilikuwa imemtuma auharibu mgodi, ili iununue kwa bei ya kutupa. Kozi alimtia pingu. Halafu, kwa kuwa damu ilikuwa ikimwingia mdomoni, akamfuta kwa leso yake.

"Asante, dada. Una roho nzuri kwa askari."

"Nyamaza."

Chini ya turubai la pikapu kulikuwa na gia kubwa ya winchi, ile inayoshusha na kupandisha lifti ya wachimbaji. Kozi alitoa tupa begini, akaisugua ubavuni mwa gia.

Tupa iliteleza kama juu ya kioo. Chuma kigumu.

Akasugua jino.

Tupa ikauma. Unga wa chuma ukamwagika.

Jino lilikuwa laini; chini ya uzito wa watu lingelika.

"Hiyo ya akiba tu," alisema Dalali. "Pacha wake ameshafungwa kwenye winchi. Jana lifti ilijaribiwa tupu. Leo inashuka na watu. Kimbia, dada!"

Kozi hakukimbia. Alipiga simu mgodini.

"Injinia, simamisha winchi."

"Nani wewe? Zamu imeshapanda lifti."

"Idara ya Usalama. Gia mpya uliipima wapi?"

"Ubavuni, kama gia zote. Nani anakwaruza jino zima? Ni ngumu, nimeipima mwenyewe."

"Chukua tupa. Sugua jino."

"Mama, hapa tuna ratiba..."

"Jino, injinia!"

Nyayo. Mkwaruzo wa tupa. Kisha kengele ya lifti ikalia, ile ya kuondoka.

"Funga breki! Funga! Toeni watu!" Injinia alipiga kelele mbali na simu.

Injinia aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa imekonda.

"Limelika kama sabuni."

"Wametoka?"

"Wanatoka. Mmoja ananitukana, nimemchelewesha."

"Mwache akutukane."

Kozi alikata simu, akasimama kidogo ameshika usukani wa pikipiki. Furaha haikuja.

Gia kama ile hupangwa kwenye sanduku la unga wa makaa, ikachomwa tanurini mpaka ngozi ya chuma inywe makaa, kisha ikazamishwa kwenye mafuta. Ngozi hiyo haisagiki upesi. Fundi anapotaka mahali pabaki laini, hupakaza udongo ili makaa yasipenye. Fundi wa gia hii alikuwa ameyapakaza meno na kuacha ubavu wazi, maana alijua wakaguzi hupima wapi. Na udongo wake haukubanduka motoni hata kidogo. Udongo wa namna hiyo Kozi aliujua. Aliukanda tangu utotoni.

Alimkabidhi Dalali kwa askari wenzake, akaenda kwa mjomba wake. Alimkuta karakanani, anachekecha makaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alipangusa kigoda kwa shati lake. "Kaa. Umekonda. Huko hawakulishi?"

"Lifti haikushuka."

Chekeche lilisimama.

"Mgodi ulimmeza binamu yako," alisema mzee taratibu. "Ukaniletea kofia. Kofia tu, hata tope hawakulifuta."

"Niliipokea mimi, Mjomba. Nikaiosha."

"Basi unajua."

"Na waliokuwa kwenye lifti leo, ni wana wa nani?"

Mzee aliweka chekeche chini. Moto ulinguruma nyuma yake.

"Sikutaka kuziwaza sura zao."

"Mimi ndizo nilizoziwaza."

Kozi alichomoa pingu nyingine. Mzee alinyoosha mikono mwenyewe, mikono ileile iliyomlea, imejaa makovu ya mafuta ya moto. Kozi alipogeuka kuuzima mpulizo wa tanuri, mzee alimshtua kwa sauti:

"Usishike mlango huo, mwanangu! Utaungua."

Kozi alizilegeza pingu kidogo. Akazifunika kwa aproni, majirani wasione.

Nje, simu iliita.

"Kazi safi, Kozi," alisema Mkuu. "Dalali ametapika yote. Fundi wake ni nani?"

"Mjomba wangu. Aliyenilea."

Mkuu alikohoa. "Pole sana. Natuma gari."

"Tuma lenye kiti cha kuegemea. Mgongo unamsumbua."

Gari lilipofika, alimsaidia kupanda, akafunga mlango polepole, akasubiri mpaka kona ikalimeza gari. Kisha akavaa helmeti, akawasha Yamaha, akaondoka upande mwingine bila kugeuza shingo.