Ua la Ponsiano Lahamia Kwenye Ndoo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Ponsiano alitoka nje kuangalia maua yake. Yalikuwa meupe, yenye zambarau katikati, mapana kama mdomo wa kikombe. Jua likipanda, yanafumba. Kesho yake yanachanua mengine. Kwa nini hayasubiri mchana? Ponsiano alikuwa amekata mkonge kwenye shamba kubwa la Ngombezi kwa miaka thelathini, na kila siku aliupita mmea huu kando ya reli bila kuutazama. Sasa amestaafu, muda wa kutazama anao.

Alikuwa ameung'oa mmoja akaupanda kwenye bustani ya mkewe, Yasinta, karibu na matuta ya mchicha na matango. Mmea ulikuwa wa kutambaa. Ulipanda uzio, ukashuka, ukaanza kuukaba mchicha.

"Baba Benedicto, ua lako linanimalizia mboga," Yasinta alisema. "Bustani hii ndiyo inatulisha. Tutakula maua?"

"Usijali, mama. Palizi nimefanya miaka yote hiyo, kajani haka katanishinda?"

Akachukua panga. Alifyeka kama walivyofyeka kwenye mkonge: majani na mashina yakakatwa vipande vipande, yakaachwa palepale yafunike udongo. Bustani ikawa safi. Ponsiano alijisifu mpaka jioni.

Baada ya wiki mbili, miche midogo ilijaa kila tuta. Palipokuwa na shina moja, sasa yalikuwa ishirini. Yasinta hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mumewe.

"Mpaka Jumamosi ua hilo liwe limetoka lote," alisema taratibu. "La sivyo nitakwenda kulima kwa dada yangu Makuyuni. Wewe baki na maua yako."

Ponsiano aliumia. Alimpenda mkewe, na ua nalo alilipenda. Isitoshe, swali lilimkera: mbona nikilikata linaongezeka?

Kesho yake bibi shamba, Glory, alipita na pikipiki yake. Ponsiano alimsimamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Nimefyeka gugu, limezaa!"

Glory alicheka, akachuchumaa, akachimbua mche mmoja. Ulitoka pamoja na kipande cha shina kilichokatwa kwa panga. Kwenye kifundo chake ilining'inia mizizi myeupe.

"Mzee, huu ni jamaa ya kiazi kitamu, ila ni wa porini. Viazi vitamu mnapandaje?"

"Tunakata marando, tunayachomeka ardhini..." Ponsiano alikitazama kile kipande cha shina. Kisha akajipiga paji la uso. "Kumbe nilikuwa napanda!"

Yasinta, aliyekuwa akimwagilia karibu yao, alicheka hadi akashika mbavu.

"Kwenye mkonge, jua kali hukausha vipande," Glory alieleza. "Hapa mama anamwagilia, kwa hiyo vinashika. Na mizizi huenda chini sana. Kikibaki kipande, kinachipua tena."

"Basi niliue lote?" Sauti ya Ponsiano ilikuwa imeshuka.

"Si lazima. Toboa ndoo kuukuu, weka udongo, panda shina moja tu. Iweke juu ya bati au mawe, mizizi isiingie ardhini. Simika miti lipandie. Ua likinyauka, lichume kabla halijatoa mbegu."

"Na haya ya kwenye matuta?"

"Usifyeke. Chimba kwa jembe, okota kila kipande, anika juani mpaka kikauke kivunjike kwa mkono. Usikitupe kikiwa kibichi kwenye shimo la mbolea."

Yasinta alishika jani. "Linafanana na tembele. Linalika?"

"Usile, mama. Jamaa zake wa porini ni wengi, na wengine wana sumu. Mbegu zake pia weka mbali na watoto."

Jumamosi wote wawili waliinama bustanini tangu alfajiri. Ponsiano alichimba, Yasinta alikagua. "Umeacha kimoja hapo," alisema, mara moja, mara kumi. Vipande vilianikwa juu ya bati. Yasinta aliridhia shina moja tu lenye afya, likawekwa kwenye ndoo juu ya mawe karibu na mlango.

Kazi haikuisha siku hiyo. Kwa miezi miwili miche iliendelea kuchomoza, na kila ulipochomoza mmoja, Ponsiano aliuchimba mpaka mzizi. Mwishowe haikuota tena. Mchicha ukanawiri, ukatosha kula na kupeleka sokoni Korogwe.

Maua ya ndooni nayo yalichanua. Ponsiano alikaa na chai yake akiwatazama nyuki. Walitoka kwenye maua yake wakaenda kwenye maua ya matango, na jambo hilo likampa swali jingine la kumuuliza Glory.

Asubuhi moja jirani yao, Faudhia, alisimama mlangoni akitabasamu.

"Mzee, ua zuri hilo! Naomba kipande nikachomeke pale kwenye mchicha wangu."

Kabla Ponsiano hajafungua mdomo, Yasinta alikuwa ameshatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Kalete ndoo kwanza," alisema.