Aliyeuliza Watoto Wanalala Wapi

Kila Jumamosi Anisia alifua sare zake, akachota maji, kisha akampaka mdogo wake Mbuke mafuta ya kuzuia jua. Mbuke alikuwa na ualbino. Hakupenda mafuta yafike masikioni, kwa hiyo alikimbilia nyuma ya zizi la ng'ombe na dada yake akamfukuza huku wote wakicheka.

Mama yao alikuwa katibu wa chama kidogo cha wazazi wa watoto wenye ualbino pale Tinde. Chama hakikuwa na ofisi. Ofisi yake ilikuwa simu ya Mama, yenye kundi la wazazi la kuandikiana ujumbe. Walikuwa na sababu ya kuwa karibu. Wapo watu wanaoamini uongo kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta bahati machimboni, na kwa uongo huo watoto wamedhuriwa.

Siku hiyo Mama alikwenda kupalilia, akamwachia Anisia simu. Ujumbe ukaingia kutoka namba ya Mama Blessing, mwanachama mwenzao: "Mama Anisia, namba zangu za siri zimekuja kwako kwa makosa. Naomba unitumie haraka." Anisia alizikuta namba hizo kwenye ujumbe mwingine uliokuwa umeingia muda huohuo, akazituma. Alifurahi kumsaidia mtu mzima.

Kumbe zilikuwa namba za kufungulia akaunti ya Mama, na mara kundi likajifunga. Simu ikaandika kwamba akaunti ya Mama inatumika kwenye simu nyingine. Anisia alibonyeza huku na huku bila mafanikio. Aliificha simu chini ya mto, akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Mama akijua, leo nitakiona," alijisemea.

Simu ikaita. Alikuwa Mama Davis, jirani yao, ambaye mwanawe naye alikuwa na ualbino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie mama yako habari za Davis alizouliza nimeshaziandika kundini. Lakini ng'wana wane, mwanangu, mbona leo anauliza hadi chumba anacholala mtoto?"

Mama hakuuliza kitu. Alikuwa shambani na jembe. Mtu asiyejulikana alikuwa anatumia jina la Mama kuuliza watoto wanalala wapi. Uani, Mbuke alikuwa peke yake, akichora vumbini kwa kijiti. Anisia alimbeba mgongoni, akakimbia naye hadi shambani.

"Mama, nichape ukitaka, lakini nisikilize kwanza," alisema, akaeleza yote huku analia.

Mama hakumchapa wala hakufoka. Aliichukua simu mkononi mwa Anisia. Kisha akampigia mwenyekiti wa chama, Mzee Telesphori. Mzee aliziondoa kundini namba ya Mama na ya Mama Blessing, ambayo nayo ilikuwa imeibwa kwa hila ileile, akawapigia wazazi wote kuwaambia wasiandike chochote. Kabla jua halijazama, Davis alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake Kolandoto na polisi wameshapewa taarifa. Mama aliirudisha akaunti yake, akaiwekea neno la siri la ziada. Hata hivyo, wiki ile nzima, mbwa akibweka tu, Anisia alimshika Mbuke mkono.

Hatimaye polisi walimkamata mtu yule, na Davis akarudi nyumbani. Wazazi na watoto wao wakakutana kwenye ukumbi wa parokia.

"Mzee," Anisia aliuliza kwa sauti ndogo, "ni mimi niliyemfungulia mlango?"

"Hata sisi wakubwa tulizembea," Mzee Telesphori alijibu. "Kuanzia leo namba ya siri hapewi mtu yeyote, hata mimi. Ukiombwa jambo kwa ujumbe, piga simu usikie sauti ya mwenyewe. Na mahali anapolala mtoto hatupaandiki kwenye simu kabisa."

Akamsogelea Anisia. "Lakini wewe, mjukuu wangu, ulipoificha simu chini ya mto, yule mtu alikuwa anasoma Davis analala wapi. Utakosea tena, sisi sote tunakosea. Siku hiyo sema papo hapo. Ukisema mapema tunapoteza akaunti. Ukinyamaza, tunaweza kumpoteza mtoto."

Davis, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, aligeuka kumtazama Anisia.