Kivuli cha Kaburi la Tabitha

Ansel Pettibone alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la mkewe, kofia kifuani, machozi yakimlengalenga. Tumbaku aliyokuwa akitafuna alikuwa ameibana shavuni, na mchirizi wa kahawia ulishamfika kidevuni.

— Lovina, mke wangu, sistahili hata kukanyaga kizingiti chako. Nimezunguka kote, kumbe nyumba yangu ilikuwa machoni pako.

Lovina alishika mgongo wa kiti. Maneno yale aliyajua. Aliyaandika mwenyewe, sura ya thelathini ya hadithi yake ya gazetini, kwa mkono huohuo wenye madoa ya wino.

Miaka minne nyuma Ansel aliondoka Cincinnati kwenda kusaka dhahabu California, akamwachia mtoto wao wa miaka mitatu, Tabitha. Kiangazi hichohicho kipindupindu kikamchukua mtoto. Lovina alimwandikia mumewe barua tisa, hakujibiwa hata moja. Ndipo akaanza kutunga hadithi za gazetini, sura moja kila wiki, na katika kila hadithi mume aliyepotea anarudi, anapiga magoti, anasamehewa. Wanawake wa nchi nzima walizililia. Kusema kweli, alikuwa akimtungia mtu mmoja tu maneno ya kusema siku akirudi.

Sasa karudi, anayasema, na yanamchukiza.

Keziah, mdogo wake, alikuwa mlangoni akijifuta machozi kwa aproni.

— Dada, msamehe. Si wewe uliyetufundisha sote kusamehe?

— Nyamaza kwanza, Kezi.

Sura ya mwisho ilikuwa mezani, tayari kwenda posta mchana ule. Ndani yake mke anamwinua mume kwa mikono miwili. Lovina aliitazama mikono yake. Miaka minne ya kulala peke yako si mchezo, na upande mmoja wa moyo wake bado ulimtaka mwanamume huyu. Hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi.

— Barua zangu ulizipata? aliuliza.

— Zote. Nililia kila nikizifungua.

— Na Tabitha?

Ansel alitafuta pa kutemea, akakosa, akameza. Lovina aliliona koo likipanda na kushuka.

— Kabla ya kuja hapa nilipitia kaburini. Nikalala chini ya ule mti, matawi yake yamemfunika mwanetu, nikamwomba radhi mpaka koti likalowa umande.

Keziah aliacha kujifuta machozi. Akamtazama dada yake.

— Mti gani? Lovina aliuliza taratibu.

— Ule mkubwa, ulioinama.

Tabitha alizikwa nyuma ya kanisa la Wamethodisti, kando ya ukuta wa matofali, mahali pasipo hata kichaka. Nguruwe wa mtaani huja kufukua pale, na Lovina amewafukuza kwa fimbo mara nyingi. Jua linampiga mtoto kutwa nzima. Ndiyo maana kwenye hadithi mama yake alimpa mti.

— Mti huo niliupanda mimi, Ansel. Kwa kalamu. Kwa sababu mwanangu hana kivuli.

Ansel alifumbua mdomo, akaanza maneno ya sura ya thelathini na moja. Lovina alikuwa ameshafungua mlango.

— Hata kaburi la mwanao umelisoma gazetini. Toka.

Keziah, aliyekuwa akimlilia dakika chache tu nyuma, ndiye aliyeusukuma mkoba wa shemeji yake nje kwa mguu. Ansel alitema mate barazani, akaenda zake bila kugeuka.

Sura ya mwisho ilichelewa wiki nzima. Ilipotoka, mke ndani yake alifunga mlango, na wasomaji wakaleta gunia la barua za kumwita mwandishi hana moyo. Lovina alizisoma zote, kucha zake zikiwa bado na udongo. Asubuhi ile yeye na Keziah walikuwa kaburini, wamepanda mche wa kweli na kuuzungushia uzio ili nguruwe wasiufikie.