Zima Injini, Ng'ombe Wapite

Injini ya Githinji ilipozimika, bonde zima lilinyamaza, na Khisa akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Maskini, hakujua furaha hiyo ingemtoka puani kabla jua halijatua.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa sitini na nane, mwaka wa tatu tangu kampuni ya wananchi inunue shamba la mzungu kule nyuma ya Chepsaita. Wanunuzi walitoka pande mbili. Kina Githinji walikuja kwa lori kutoka Nyeri, kina Khisa wakaja kwa miguu kutoka Kimilili na ng'ombe wao mbele. Mashamba yalipimwa kwa kamba, kila mtu akapata lake. Msitu ulibaki wa wote, na njia ya kuingia msituni ilikuwa moja tu, na hiyo njia ndiyo iliyoleta maneno.

Wenye trekta waliichimba kwa magurudumu mpaka ikawa mitaro ya matope, wenye ng'ombe wakilalamika kwamba mlio wa injini unawatia wanyama wazimu. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikatoa sheria. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa njia ni ya ng'ombe, siku nyingine ni ya trekta. Na wakikutana kwa bahati mbaya, trekta izimwe mpaka ng'ombe wapite. Hizo siku hakuna aliyezifuata, kwa maana kuni zikiisha zimeisha, hazingoji Alhamisi. Lakini hiyo ya kuzima injini, Khisa aliishika kuliko Amri Kumi za Mungu.

Jumatano hiyo, saa nane mchana, alikuwa akitoka msituni na maksai wake wawili, Karani na Askari. Walikokota panda kubwa ya mti, gari lao lisilo na magurudumu, na juu yake nguzo nane za mtarakwa za kuzungushia boma. Walikuwa wamevuka kijito tu, wakijipukusa maji kwenye ukingo wa korongo, ndipo trekta ya Githinji ikateremka kutoka upande wa nyumbani. Tela tupu ilirukaruka nyuma, na mkewe Waithira alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amemshika mumewe mabega.

"Zima!" Khisa akapaza sauti, kamba ya Karani ameizungusha mkononi. "Leo Jumatano! Zima injini, ng'ombe wapite!"

Githinji akatazama mbingu, iliyokuwa nyeusi upande wa Turbo. Akatazama mahali alipofika, chini kabisa bondeni, kwenye matope hatua kumi kutoka kijitoni. Shamba zima lilijua betri ya trekta ile ilikufa kitambo na hendeli yake ya kuzungushia injini ilivunjika. Kila jioni Githinji huiegesha penye mteremko, na asubuhi anaiachilia ishuke mpaka injini ishike. Kuizima pale bondeni ilikuwa sawa na kuizika. Khisa naye alijua, tena alijua sana, na utamu wenyewe ulikuwa hapo. Alishamwona Githinji akilini mwake, anarudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, naye aonje matope ya watu wa chini.

Githinji akazima.

"Asante sana, Bwana Githinji," Khisa akasema kwa adabu iliyozidi kipimo. "Mungu akuongezee."

Waithira akasonya. Khisa akapita na ng'ombe wake, akapanda mlima akicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Hakufika juu. Upepo ulikuja ghafla na baridi ya ajabu, miti ikainama, na mvua ya mawe ikaanza kumwagika. Mwanzoni yalikuwa kama punje za mahindi, halafu kama ndimu. Khisa alijifunika gunia kichwani, akawasukuma ng'ombe chini ya mti wa msituni wenye majani mazito, akajibana katikati yao. Mawe yalimpiga mgongoni, yakampasua sikio, na Askari akalia kwa sauti ambayo Khisa hakuwahi kuisikia. Mvua ile ilipiga kwa robo saa. Ilipopungua na kubaki manyunyu, nchi yote ilikuwa nyeupe kama sakafu ya kinu cha posho, na barafu ilimfika Khisa juu ya vifundo vya miguu. Miguu yenyewe ilikuwa mitupu. Kutoka bondeni akasikia maji yakinguruma.

Halafu akasikia mtu analia. Waithira alitokea kwenye ukungu akipanda kwa mikono na magoti, damu inamchuruzika usoni.

"Mzee Khisa! Trekta imemlalia mguu! Maji yanapanda!"

Khisa hakuuliza swali la pili. Alifungua mnyororo wa panda, akaziacha nguzo zake pale, akawageuza ng'ombe. Neno moja tu lilizunguka kichwani mwake. Ni mimi. Ni mimi. Ni mimi.

Bondeni, kijito kilikuwa kimegeuka mto. Maji yalipoanza kuinuka, Githinji alikwenda kuweka gogo mbele ya gurudumu kubwa ili trekta isibebwe. Ukingo ukabomoka, gurudumu likateleza, na mguu wake ukabanwa kati ya tairi na gogo. Sasa alikuwa ameketi majini, maji yamefika mbavuni, midomo imekuwa ya kijivu.

"Umerudi, Mzee," akasema, meno yanagongana.

"Usipoteze nguvu kwa salamu. Mguu unausikia?"

"Siusikii kabisa."

"Gia?"

"Nimetoa."

"Waithira, chomoa pini ya tela. Igonge kwa jiwe, usiogope."

Waithira akaigonga mara tatu, pini ikatoka, na tela ikachukuliwa na maji kama sufuria. Khisa akawaleta ng'ombe. Hatua ishirini kutoka kwenye trekta wakasimama. Karani akatoa macho, akapuliza pua, akachimba miguu. Miaka mitatu walifundishwa kwamba kitu kile ni cha kuogopwa, na mwalimu wao alikuwa Khisa mwenyewe, aliyewakimbiza vichakani kila walipokisikia. Aliwavuta, akawabembeleza, akawatukana. Hawakusogea hata unyayo.

"Mzee," akasema Githinji, "maji yako kifuani."

Khisa akasimama kidogo. Akavua shati lake, akalipasua vipande viwili, akawafunga ng'ombe macho na pua ili harufu wanayoipenda, ya jasho lake, iwajae vichwani. Akawageuza, makalio yaelekee trekta.

"Waithira, njoo ushike pembe. Wewe uwe mbele, mimi nyuma. Tutawarudisha kinyumenyume."

"Mimi? Sijawahi kushika ng'ombe wa mtu!"

"Leo umeshika. Sema nao."

"Niseme nini? Kibukusu chenu sikijui!"

"Sema chochote! Hao wametukanwa kwa kila lugha ya Kenya hii, wataelewa!"

Waithira akashika pembe za Karani, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kikuyu, sauti imepasuka kwa kilio. Karani akatega sikio. "Rudi, baba," Khisa akanong'ona. "Rudi. Rudi tena." Kwato zilisaga barafu, hatua kwa hatua, mpaka Khisa akaingia majini na kuufunga mnyororo kwenye ekseli ya nyuma. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akaikaza kulabu kwa meno.

"Haya! Karani! Askari! Twende!"

Mnyororo ukakaza. Trekta ikatikisika, ikarudi palepale, na Githinji akapiga yowe. Askari akaanguka magoti kwenye barafu. Maji yalikuwa yamefika mabegani kwa mtu yule, ameinua kidevu kama anayenyolewa ndevu.

Khisa alimwinua Askari kwa mkia na kwa machozi. Ndiyo, alikuwa analia, wala hakuficha. "Watoto wangu," akawaambia, "mkinipenda, ni leo." Akaweka bega lake mwenyewe kwenye gurudumu, Waithira akaimba kwa nguvu zake zote, na maksai wakainamisha shingo wakavuta. Trekta ilisogea kiasi cha kiganja cha mkono. Kiganja kilitosha. Khisa akazamisha mikono, akalisukuma gogo, akamburuta Githinji kwa makwapa mpaka juu ya barafu.

Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, na nyama imechanika. Waithira akafungua kitambaa cha kichwa, Khisa akaufungua mnyororo kwenye ekseli, akakata mti kwa panga, wakaunyoosha mguu na kuufunga kati ya fito mbili. Nyuma yao trekta ilizama mpaka usukani. Githinji akageuza uso kuitazama.

"Iache," akasema Waithira. "Trekta hainiiti mama watoto."

Wakampandisha mlimani juu ya mgongo wa Khisa, Waithira akiwaongoza ng'ombe waliokwisha kufunguliwa macho. Pale juu Khisa alizitupa nguzo zake zote nane, kazi ya siku nne, wakamlaza Githinji kwenye panda. Waithira akalala kando yake amemkumbatia, gunia likawafunika wote wawili. Safari ikaanza.

Njia haikuwepo. Barafu ilikuwa imefunika kila kitu, na ukungu ulikuwa mzito hata Khisa hakuona pembe za ng'ombe wake mwenyewe. Walipofika uwandani, Karani akavuta kushoto, kuelekea nyumbani kwenye boma. Lakini boma halikuwa na daktari. Zahanati ilikuwa Turbo, maili nne kulia, kama kulia kwenyewe kulikuwa kulia.

"Mzee Khisa," Waithira akaita chini ya gunia. "Ameacha kutetemeka. Anataka kulala."

"Usimwache alale! Mchokoze! Mtajie mama mkwe wake!"

"Mama mkwe wangu ni mtu mzuri," akasema Githinji kwa sauti ndogo, na Waithira akacheka na kulia kwa pamoja.

Khisa akawasimamisha ng'ombe. Akashika pumzi, akasikiliza. Upepo. Matone. Mwishowe, mbali sana upande wa kulia, akasikia mlio wa lori likipanda kilima kwenye barabara kuu, injini inakoroma na gia inabadilishwa. Tangu azaliwe Khisa hakuwahi kupenda mlio wa injini. Siku hiyo aliupenda.

"Mnasikia?" akapiga kelele. "Barabara iko kule! Karani, kulia, baba! Kulia!"

Wakaufuata. Lori moja likipita na kunyamaza, wakasimama kungoja jingine, wakasonga tena. Miguu ya Khisa ilikuwa imeacha kuuma, jambo ambalo lilimtisha kuliko maumivu. Alitembea bila shati, anasema na ng'ombe, anasema na Githinji, anasema na Mungu, na mara nyingine alichanganya nani ameambiwa nini. Magharibi ilipokaribia, kwato ziligonga lami.

Lori la mahindi lilisimama. Dereva, mtu mnene aitwaye Nyongesa, aliteremka akawatazama kama watu waliofufuka.

"Turbo," akasema Khisa. "Zahanati. Haraka."

"Na ng'ombe, Mzee?"

Khisa hakuwahi kuwaacha ng'ombe wake njiani, hata siku aliyozaliwa mtoto wake wa kwanza. Akawafungua nira, akampiga Karani kofi la mgongoni. "Nendeni nyumbani. Mwambieni mke wangu Nanzala nakuja." Akapanda lori, akakipakata kichwa cha Githinji mapajani.

Zahanatini, muuguzi Hellen aliusafisha mguu, akaufunga upya, akawaambia mfupa ulivunjika mahali pamoja na damu ilikuwa ikipita. Atatembea. Angekaa majini nusu saa zaidi, maneno yangekuwa mengine. Akawapa mablanketi na chai ya maziwa, akatoka.

Khisa aliketi kando ya kitanda, kikombe mkononi. Angeweza kunyamaza. Angekuwa shujaa shamba zima.

"Githinji, nilijua," akasema. "Nilijua trekta haitawaka pale. Nilitaka utembee nikucheke. Huo mguu nimeuvunja mimi."

Waithira akaweka kikombe chini polepole. Akamtazama Khisa kwa macho ambayo mzee hakuweza kuyakabili.

"Mzee, mimi nilijua unajua," akasema Githinji. "Uso wako hauna kufuli. Ulikuwa unameta kama bwana arusi."

"Sasa ulizima ya nini?"

"Karani alishaanza kurudi nyuma, na wewe ulikuwa umejizungushia kamba mkononi. Nyuma yako ni korongo. Ningesonga hatua moja tu na ule mlio, angekuvuta ukaingia huko." Akafumba macho. "Kamati haikuniingia akilini kabisa."

Khisa akageuza mkono wake akautazama. Akainamisha kichwa kitandani, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na tano, na ni Waithira aliyenyoosha mkono na kumshika bega.

"Nyamaza, Mzee," akasema. "Utaamsha wagonjwa."

Baadaye akainua uso. "Jumamosi nitaitoa trekta yako. Nitawaita wenzangu, tutaleta jozi nne."

"Hao ng'ombe watakubali kuisogelea?"

"Watazoea," akasema Khisa. Akajifuta pua kwa kona ya blanketi, akachukua kikombe cha Githinji na kumnywesha chai iliyobaki.