Kungoja Kitanda cha Dar es Salaam

Gari la moshi kutoka Dodoma liliposimama Itigi, kikapu cha Febronia kilimponyoka mlangoni na vitunguu vikatawanyika kwenye changarawe. Abiria wakavipita kwa viatu. Kijana mwenye kaptula ya kaki na kofia ya reli aliinama akaanza kuviokota.

"Dada, unapanda vitunguu relini? Hapa havioti."

"Wewe unaokota au unachagua? Kile kikubwa kimeingia mfukoni mwako."

"Hicho ni ushuru wa Malkia."

Febronia alicheka, akalirekebisha gauni lake la maua mekundu. Kijana aliitwa Bonaventura, kazi yake kugeuza njia za treni pale Itigi. Febronia aliishi Kintinku kwa mjomba wake Laurenti, karani wa stesheni, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki.

Stesheni zote za upande ule zilitumia waya mmoja wa simu. Alasiri kazi ikipungua, mjomba alimwachia mpwa wake chombo.

"Umekula, mpenzi?" Bonaventura aliuliza kutoka Itigi.

"Nimekula ugali na mlenda."

"Mlenda wa jana au wa leo?" Hiyo ilikuwa sauti ya karani wa Saranda.

"Saranda, ziba masikio," Bonaventura alisema, na njia nzima ikacheka.

Masika yalipokwisha, uchumba wao ukiwa umeshajulikana, Bonaventura akioga aligusa kitu kigumu kwenye korodani ya kulia, kama kokoto. Hakikuuma. Alidhani ni busha, akanyamaza. Kisha uzito ukaja, na maumivu ya kuvuta chini ya tumbo hadi mgongoni. Daktari wa misheni alimulika kwa tochi kutoka nyuma.

"Busha hupitisha mwanga," alisema. "Hili halipitishi. Nadhani ni saratani. Lazima korodani hiyo iondolewe Dar es Salaam. Ngoja wakupe kitanda, watapiga simu."

Akangoja. Alivaa chupi mbili ili uzito usivute. Baiskeli aliikokota badala ya kuipanda. Kila asubuhi, kabla ya kusali, aligusa tena aone kama kokoto imekua, na kila mara alihisi imekua. Wenzake walipokula pamoja, yeye alikwenda nyuma ya ghala kula peke yake, au kutokula. Simu ilipolia aliacha kazi kusikiliza anaitwa nani. Moyo ulipoenda mbio alishika chuma baridi cha kugeuzia njia kwa mikono miwili, akakishikilia hadi pumzi irudi. Hakuna aliyemwuliza kitu. Watu walidhani anaota harusi.

Siku moja simu ilikuwa ya Febronia.

"Bona, wazee wanakuja Jumapili kuona ng'ombe wa mahari. Umenunua sukari ya chai?"

Ndani ya waya Bonaventura alisikia pumzi za watu: Saranda, Manyoni, Aghondi, wote wamekaa kimya wakisikiliza.

"Waambie wasije."

"Waje Jumapili gani, basi?"

"Wasije tu, Febronia."

Akaweka simu chini.

Jua halijazama, Kintinku yote ilikuwa imejua. Kisimani wanawake walisema kijana ana mke Tabora. Febronia alilia hadi kope zikavimba. Kesho yake alivaa gauni lile lile la maua, akajitanda kanga, akapanda gari.

Alimkuta nyuma ya ghala, amekaa juu ya gunia, mashavu yameingia ndani.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo wa Tabora."

Bonaventura nusura acheke. "Hakuna wa Tabora. Naumwa, Febronia. Huku, sehemu za kiume. Daktari anataka kuondoa moja."

Febronia akakaa chini, gauni kwenye vumbi.

"Ungeniambia."

"Kwenye ule waya? Leo gulio zima lingekuwa linaipa pole kaptula yangu."

"Inauma?"

Alikuwa mtu wa kwanza kumwuliza.

"Inavuta, kama kuna mtu ananing'inia. Lakini kungoja kitanda cha Dar es Salaam ndiko kunakouma. Nikisikia simu, natetemeka. Isipolia, natetemeka vilevile."

"Na watoto?"

"Daktari anasema inayobaki huwa inatosha. Lakini hakuapa. Mjomba wako akipokea ng'ombe, kisha ukakosa mtoto, atasema niliwaficha. Ndiyo maana nilisema wasije."

"Uliwaza yote hayo peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu."

Febronia alichukua kona ya kanga yake akamfuta uso, bila haraka.

"Waje Jumapili. Waone ng'ombe, na wewe uwaambie kama ulivyoniambia. Wakikataa, watakuwa wamekataa wao. Mimi sijakataa."

"Kitanda kikipatikana kabla?"

"Nitawaambia mimi."

"Utataja mambo haya mbele ya wazee?"

"Kwa Kiswahili nitaweza. Kwa Kigogo ningekufa kwa aibu."

Safari hii Bonaventura alicheka kweli, akashika tumbo, akakunja uso. Kisha akasema polepole, kama anayejaribu neno geni, "Naogopa, Febronia."

"Najua. Sogea nikae."

Alisogea. Mbele ya stesheni gari la kurudi Kintinku likapiga honi.

"Litakuacha."

"Kuna la kesho. Nitalala kwa masista." Akakaa sawasawa juu ya gunia, bega lake kwenye bega la Bonaventura. "Leo utangoja na mtu."