Mkalimani wa Mapafu

Panya alijilaza ndani ya bomba la kioo, pua imetokeza kidogo, akivuta unga mwembamba kuliko moshi wa ubani. Wala hakuona taabu. Juu yake mashine waliyoiita mkalimani-pafu ilifuata kila chembe mpaka ilipotua, kisha ikaligeuza pafu la panya kuwa pafu la mtu na kulichora ukutani, kubwa kama mlango. Chembe zisizodhuru zilikuwa nukta za kijani. Za hatari, nyekundu.

Ukuta mzima ulikuwa kijani.

"Haya, bwana mdogo, umefaulu," Dk. Chiku Malogo akamwambia panya, akampa karanga.

Jiji jipya la Itigi lilikuwa likingoja neno lake. Kwa unga ule, mitambo ya kuchapa nyumba, inayomwaga kuta tabaka juu ya tabaka, ingesimamisha mtaa mzima kabla ya masika, watu watoke kwenye mahema. Habari tamu namna hiyo aliona aipeleke mwenyewe kwenye ujenzi.

"Dokta kwa miguu yake!" Mhandisi Ndahani akampokea akicheka. "Basi kuna jambo."

Chiku alikuwa anasikiliza. Mtambo ulikuwa ukimwaga ukuta kwa unga wa zamani, na nyuma yake mafundi wa kusawazisha wanaimba: Mama Mbeleje anatoa, wenzake wanaitikia, na kila kiitikio miko inapita pamoja. Midomo wazi, vifua vimejaa.

"Huwa wanaimba hivi?"

"Kutwa. Kwani sisi Wagogo utatufunga midomo?"

"Ile video uliyoniletea haikuwa na sauti, Ndahani. Niliona kazi nyepesi, nikamwambia mkalimani kwamba watu hawa wanapumua kwa pua. Panya naye hajui kupumua kwa mdomo. Pua yake ndiyo chujio lake. Hawa wanalipita chujio."

"Si waache kuimba tu? Au wavae barakoa."

Mama Mbeleje alikuwa amesikia. "Nikivaa barakoa, nani atanisikia? Hebu shika mwiko, baba. Sawazisha kimyakimya tuone."

Ndahani akashika. Ukuta ukatoka na mawimbi kama shuka lisilopigwa pasi. Mafundi wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Panya haimbi, kwa hiyo Chiku akamchukua Mama Mbeleje maabara pamoja na Ndahani, akampulizia mama mvuke wa chumvi usio na madhara badala ya unga, akamwambia mkalimani afuate pumzi hiyo kana kwamba unga ndio unaovutwa. Mama akatoa wimbo. Chiku na Ndahani wakaitikia.

Kila mama alipovuta pumzi ya mstari mpya, nyekundu ilishuka ukutani, ikaingia ndani kabisa, ikabaki huko. Ndahani akanyamaza katikati ya kiitikio.

"Hizo ni zangu?" mama akauliza.

"Zingekuwa zako. Leo umevuta chumvi tu."

"Unga wa zamani upo," Ndahani akasema polepole, "wa chembe kubwa, unaomwagwa na maji. Lakini haukauki upesi. Ni masika nyingine kwenye mahema, mama."

"Anayelala hemani ni mimi, baba, si wewe. Nalijua linapovuja, na nitangoja." Akamgeukia. "Sasa itikia. Umeniacha hewani."

Ndahani akaitikia, sauti imepinda vibaya. Chiku akacheka, akamwambia mkalimani auzime unga ule, nyekundu ikatoweka ukutani.