Kiumbe wa Kwenye Gunia la Magimbi

Kila Alhamisi Amira akitoka shule alivua sare, akala upesi, kisha akashika njia kwenda Kariakoo kwenye kibanda cha mama yake. Alhamisi ndiyo siku ambayo magimbi huingia kutoka Morogoro. Mama yake, Bi Siti, huyauza kwa jumla na rejareja, na kazi ya Amira ilikuwa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuyasugua kwa brashi mpaka udongo utoke. "Gimbi chafu halina mnunuzi," Bi Siti alizoea kusema, na Amira alisugua mpaka vidole vikawasha.

Alhamisi moja, wiki mbili kabla ya Ramadhani, magunia yalikuwa mengi kuliko kawaida. Amira alichukua gimbi moja lililoshikana na bonge la udongo mweusi wenye unyevu. Alipoligonga ukingoni mwa ndoo, bonge likapasuka na kitu kikateleza mpaka kwenye kiganja chake.

"Mama! Nyoka!"

Bi Siti aliruka na ufagio mkononi. "Mtupe! Usimshike!"

Lakini Amira alikuwa ameshamtazama vizuri. Hakuwa na magamba. Mwili wake ulikuwa laini, umelowa, una pete pete kama za nyungunyungu, ila alikuwa mrefu kama kalamu mbili zilizounganishwa na rangi yake ilikuwa ya bluu nzito kama wino. Miguu hakuwa nayo, na macho hayakuonekana. Mara akafumbua kinywa kidogo. Nyungunyungu gani ana taya?

"Si nyoka, mama."

"Awe nyoka asiwe nyoka, simtaki kwenye chakula cha watu. Katupe kule."

"Sawa, mama," Amira aliitika. Hakumtupa. Alizunguka nyuma ya kibanda, akamtia kwenye kopo la plastiki pamoja na vipande vya lile bonge, kisha akatoboa mfuniko kwa msumari ili apate hewa.

Alikuwa na sababu yake. Kesho yake shuleni kwao Ilala kulikuwa na maonyesho ya sayansi. Mwalimu Augustino alikuwa amewaagiza wanafunzi wa darasa la sita kila mmoja alete kiumbe hai aliyepatikana mtaani kwao, pamoja na kadi yenye jina la mwanafunzi, tarehe na mahali kiumbe alipopatikana. Mgeni wa siku hiyo angekuwa mtaalamu wa wanyama kutoka chuo kikuu. Mpaka jioni ile Amira alikuwa na panzi mmoja tu, tena aliyekatika mguu.

Usiku aliandika kadi. Jina halikumsumbua, wala tarehe. Alipofika kwenye mahali alisita. Gunia lililotoka milima ya Uluguru, huko Morogoro, si mtaani. Alitafuna ncha ya kalamu, akasikiliza mama yake akiosha vyombo uani, kisha akaandika haraka jina la bonde lililo karibu na kwao: Bonde la Jangwani.

Asubuhi, Nurdin, anayekaa naye dawati moja, aliweka chura wake mezani na kuchungulia kopo.

"Mambo, Amira? Huyo si nyungunyungu huyo?"

"Subiri uone," Amira alijibu.

Mgeni, Dokta Scholastika, alikuwa mama mrefu aliyevaa viatu vya kutembelea porini. Alipita meza kwa meza, akasifu chura wa Nurdin, akamcheka mjusi aliyekuwa akitoroka. Alipofika kwa Amira aliacha kucheka. Aliinama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani ameleta huyu?"

"Mimi. Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Njooni wote mwone." Darasa zima likamzunguka. "Huyu si nyoka wala si nyungunyungu. Ni amfibia, ndugu yake huyu chura hapa. Sisi tunamwita sesilia."

"Chura hana miguu?" Nurdin aliuliza, watu wakacheka.

"Umeuliza vizuri. Hawa wanaishi chini ya udongo, hasa kwenye misitu ya nchi za joto. Huko chini miguu ingewazuia, kwa hiyo wanachimba kwa kichwa, ambacho mifupa yake ni migumu. Macho yao yamefunikwa na ngozi. Wananusa na kupapasa kwa vinyuzi viwili vidogo karibu na pua. Duniani zipo aina zaidi ya mia mbili. Wako wanaotaga mayai na wako wanaozaa. Wako wanaoishi majini maisha yao yote. Na iko aina ambayo mama huwalisha watoto wake ngozi ya mwili wake mwenyewe, wanaibambua kidogo kidogo kwa meno, naye hadhuriki."

Dokta akasoma kadi.

"Jangwani," alisema polepole. "Una hakika, binti? Jamaa zake wengine wanaishi mabondeni, hata kule Rufiji. Lakini huyu anafanana na wa milimani. Miaka kumi na minane ya kazi hii sijasikia wa namna hii akipatikana hapa mjini."

Hapo ndipo Amira angeweza kusema. Lakini Mwalimu Augustino alikuwa akitabasamu, na wenzake wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Nina hakika," alisema.

"Basi kesho tutakwenda kuchimba. Nilikuwa nisafiri kwenda Usambara, nitaahirisha. Na mwalimu, huo udongo ni mchache. Mtafutieni wa kule kule alikotoka, mumbadilishie."

Mchana Nurdin na wenzake wawili walileta ndoo ya udongo kutoka bondeni. Mwalimu Augustino alimwaga ule mweusi bustanini, akamweka sesilia kwenye chombo kikubwa chenye udongo wa Jangwani. Amira alisimama mlangoni. Alitazama mpaka chombo kikafunikwa, kisha akaenda kuchukua mkoba wake.

Jumamosi saa mbili asubuhi walikutana bondeni: Dokta Scholastika na vijana wake wawili wa chuo, Mwalimu Augustino akiwa na chombo cha sesilia, na wanafunzi kumi wenye majembe. Amira aliulizwa ni wapi hasa. Aliangaza huku na huku, akanyoosha kidole kwenye matete pembeni ya kiwanja ambacho watoto huchezea mpira.

Wakachimba. Shimo la kwanza likatoa nyungunyungu. La pili likatoa kaa mdogo na ndala moja. Kufikia saa tano walikuwa wamechimba mashimo tisa, jua limewawakia utosini, na viganja vya Nurdin vimetoka malengelenge. Hakuna aliyelalamika. Kila mtu alitaka kuwa wa kwanza kumwona sesilia wa pili.

Dokta alifungua chombo ili alinganishe udongo. Sesilia alikuwa juu, hakujichimbia. Rangi yake imefifia, na alipoguswa alijikunja kidogo tu.

"Huyu anakufa," Dokta alisema. "Huu udongo una kitu kinachomdhuru. Huenda ni chumvi, kwa sababu hawa hupumua pia kwa ngozi. Amira, nisaidie. Pale ulipompata udongo ulikuwaje? Ulikuwa mkavu? Wa kichanga? Kumbuka vizuri, ndiyo njia pekee ya kumwokoa."

Amira alimtazama yule mnyama.

"Sikumpata hapa," alisema.

Majembe yakasimama.

"Alikuwa kwenye gunia la magimbi la mama. La Uluguru. Niliandika Jangwani kwa sababu mwalimu alisema lazima awe wa mtaani." Machozi yakamzidi. "Nilitaka kusema jana. Naombeni radhi."

Nurdin aliangalia viganja vyake, kisha akamwangalia Amira, akaweka jembe chini. Hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana. Dokta Scholastika alitoa daftari, akakata kwa kalamu mstari alioandika asubuhi, akalifunga.

"Hayo magunia bado yapo?"

"Yapo."

"Twende."

Bi Siti alipoona msafara unaingia kibandani alidhani kuna msiba. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia bintiye. "Nilikwambia umtupe, ukaniitikia sawa. Kumbe ulinidanganya mimi kwanza, ndipo ukaenda kudanganya wengine." Kisha akamshika Dokta mkono. "Unahitaji nini, dada yangu?"

Walikung'uta magunia matupu, wakapata udongo mweusi wa kujaza nusu ya ndoo. Dokta aliulowesha kwa maji safi, akamlaza sesilia juu yake kivulini. Wakati wakisubiri, Bi Siti alimpigia simu Mzee Mwinyimvua, mkulima anayemletea magimbi.

"Hao wa bluu?" sauti ya mzee ilisikika kwenye simu. "Mbona tunao. Ukilima magimbi kule kijitoni, chini ya msitu, humkosi. Vijana wanawaua wakidhani ni nyoka. Mimi nawaambia waacheni, hao wanakula mchwa."

Dokta aliandika kila neno. Alipomaliza, Nurdin alipiga kelele: "Ameingia!" Kweli, kichwa kilikuwa kimeshazama udongoni, na mkia ukafuata polepole mpaka ukapotea.

Siku iliyofuata Amira na mama yake walirudi Jangwani kufukia mashimo, maana kiwanja ni cha watoto na mtu angeweza kuvunjika mguu. Walikuwa kwenye shimo la nne Dokta Scholastika alipotokea na jembe begani. Nyuma yake alikuja Nurdin, viganja vimefungwa kitambaa.

"Mimi nitakanyaga udongo tu, sichimbi tena," Nurdin alisema. Amira alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Walifukia shimo la nne mpaka likajaa. Kisha Amira akauliza, "Dokta, bado umenikasirikia?"

"Jana nilikasirika. Leo nataka uelewe." Dokta alisimama, akaegemea mpini. "Hawa wanyama wanajificha. Aina moja inaweza kuishi kwenye mlima mmoja tu, na ukikata msitu wake imekwisha. Kwa hiyo mahali alipopatikana ni habari kubwa kuliko urefu wake au rangi yake. Kama ungenyamaza, ningeandika Jangwani kwenye ripoti yangu, na wengine wangesoma wakaamini, hata baada ya mimi kufa. Huyu sesilia naye angekufa mikononi mwetu tukidhani tunamtunza. Keshokutwa namrudisha kwao kwa Mzee Mwinyimvua."

Amira aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, binti," Dokta aliendelea. "Mimi sikuwepo ulipompata. Mwalimu wako hakuwepo. Aliyeona ni wewe peke yako. Nina darubini, nina vitabu, nina vijana wa kuchimba, lakini vyote hivyo vinasimama juu ya neno la aliyeona. Likiwa la uongo, sote tunachimba mashimo matupu. Ulichelewa kusema kweli, lakini ulisema mnyama angali hai. Siku nyingine usichelewe."

"Nimesikia, dokta," Amira alisema, akainua jembe na kuhamia shimo la tano.